Mchango wa Mlango

Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa aproni, na msimamizi alitembea nayo asubuhi nzima kama mtu aliyeficha kuku wa wizi, akiomba asilie.

Tajiri, mwenye kiwanda, alimpa mshahara wake humo saa kumi na mbili na nusu, kabla wenzake hawajafika, na huu ulikuwa mwezi wa tatu kumpa hivyo. Kiwanda kilikuwa cha kufua shuka za hoteli na hospitali, wafanyakazi tisa. Tajiri mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, ila kulipa mshahara kwa wakati kulimshinda kama wengine wanavyoshindwa kuacha sigara. Mwezi ukiisha alisema Ijumaa. Ijumaa ikifika alisema Ijumaa nyingine. Ahadi ni deni, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kumfulia mtu huyu shuka.

"Wewe ni mtu wangu," alimwambia msimamizi mwezi ule wa kwanza. "Chukua chako mapema, kimya kimya. Hao wengine nitulizie. Wakianza kelele, wewe ndiye utakayenijibu."

Naye akachukua. Tusimhukumu upesi. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi anayemeza vidonge vya presha kila siku, na presha haipigwi danadana. Kuchukua hakukumpa tabu. Tabu ilikuwa kufanana na wasiolipwa. Wenzake wakinywa chai kavu saa ya chakula, naye alikunywa chai kavu, kisha akajifungia chooni na yai la kuchemsha, bomba limefunguliwa ili asisikike akitafuna. Yai lile halikuwahi kushuka vizuri.

Na kazi yake ilimnyima pa kujificha. Kukunja shuka kunataka watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnavuta, mnanyoosha, kisha mnaendeana mpaka mikono ikutane. Mwenzake alikuwa Mama Pacha, mwanamke mcheshi ambaye siku hizi ucheshi ulikuwa umemkauka. Mara mia kwa siku walikutana uso kwa uso, na kila mara msimamizi alihisi mwenzake anaisoma bahasha kwenye paji la uso wake.

Jumanne ya wiki hiyo Mama Pacha alimwambia kwamba watoto wamerudishwa kutoka shule, na ameuza sufuria yake kubwa. "Na wewe, dada? Kwako kukoje?"

Angejibu "hivyo hivyo tu" yangekwisha. Lakini mwenye hofu hutia chumvi hata kwenye chai. "Mwenye nyumba kasema Ijumaa anang'oa mlango," akasema. "Na mama mgonjwa ndani."

Mama Pacha akaachia shuka, ikaanguka sakafuni. Aliinama akaiokota, wakaendelea, na msimamizi akajitukana moyoni mpaka saa ya kutoka.

Jumatano wafanyakazi walikubaliana kugoma. Msimamizi akawasihi wasubiri mpaka Ijumaa, nao wakamsikiliza, kwa kuwa walimwamini. Ikifika Ijumaa saa nne bila mshahara, walisema, mzigo wa hospitali hautoki mlangoni.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nne kasorobo. Tajiri alimwita ofisini.

"Waambie Ijumaa ijayo," alisema, macho kwenye simu.

"Safari hii hawatakubali, tajiri."

"Watakubali kwako. Mimi nakulipa kwa ajili gani?"

Alitoka. Kwenye ukumbi mrefu kati ya ofisi na chumba cha pasi alijaribu maneno, akayaacha, akajaribu mengine. Kisha akasimama, maana aligundua kwamba mashine zote zimezimwa. Hakusikia pasi, wala maji, wala mtu kucheka. Akajua: wameshajua. Mtu kaona bahasha, au kalisikia lile yai. Akafikiria kabisa kupitia mlango wa nyuma, aende zake, asionekane tena.

Lakini miguu ikampeleka. Aliwakuta wamejipanga kando ya meza ya pasi, wote wanane. Mzee aliyepiga pasi, ambaye wote walimwita Babu Pasi, alisogea mbele na kitambaa kilichofungwa fundo.

"Mwanangu," alisema, "tumepata habari ya mlango wako. Hiki si kingi. Mpe mwenye nyumba akuvumilie wiki mbili. Mgonjwa halazwi nyumba isiyo na mlango."

Msimamizi alipokea kwa sababu mkono ulinyooka wenyewe. Fundo likafunguka. Ndani kulikuwa na sarafu, na noti zilizokunjwa zikakunjika.

"Hiyo kubwa ni ya sufuria," Mama Pacha alisema, kwa haya kidogo. "Utanirudishia ukipata."

Angeweza kunyamaza. Angesema asante, angelia, na kilio kile kisingekuwa cha uongo. Jumatatu angezirudisha pesa zao kwa ujanja, moja moja, na wangezidi kumpenda. Ndicho kilichomtisha zaidi, kwamba wangezidi kumpenda.

Alitia mkono ndani ya aproni, akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza ya pasi.

"Mimi nimelipwa," alisema. "Leo asubuhi. Na mwezi uliopita, na wa nyuma yake. Nalipwa ili niwatulize."

Babu Pasi aliitazama bahasha kama mtu anayetafuta miwani.

"Na mlango?" Mama Pacha aliuliza.

"Mlango upo."

"Mama?"

"Mama ni mgonjwa kweli. Lakini mlango upo. Hakuna aliyesema anaung'oa."

Mama Pacha alinyoosha mkono, akaichukua noti yake kutoka kwenye kitambaa, akaikunja upya. Mwingine akafuata, na mwingine. Kila mtu aliijua yake, hata sarafu. Hawakumsukuma wala hawakumtukana, na angetoa bahasha nzima ili wamtukane. Alisimama ameshika kitambaa kwa mikono miwili mpaka kikabaki kitupu, na Babu Pasi akakichukua, maana kilikuwa chake.

Nje dereva wa hospitali alipiga honi. Wale wanane walikwenda kwenye mafurushi ya shuka yaliyo tayari, wakaketi juu yake. Msimamizi akawafuata. Hakuna aliyejisogeza kumpa nafasi, basi akakaa chini, kwenye saruji yenye majimaji.

Honi ya tatu ilimtoa tajiri ofisini. Aliwatazama, akatazama saa, akamtazama msimamizi pale chini.

"Nini hiki? Hebu wainue watu wako, gari linasubiri."

"Siwainui," alisema msimamizi. "Hautoki mzigo leo. Tunasubiri mshahara."

Mama Pacha hakugeuza hata shingo. "Huyo ameshalipwa, tajiri," alisema. "Tunaosubiri ni sisi."

Msimamizi hakuinuka pale alipokaa.