Meza ya Karibu na Jiko

Tangu wahamie mtaa ule, fundi cherehani alikuwa anakula nje kila mchana, na wifi yake alikwisha kumtangaza kwa ukoo mzima. "Siku hizi wifi yangu ni mtu wa mahoteli," alisema kwenye simu, akacheka kile kicheko chake cha kutafuta ugomvi. "Kwake jiko limeota utando wa buibui." Masikini, angejua. Fundi hakuwa akila kwa raha hata kidogo. Alikuwa akitafuta mahali pa kumwacha mwanawe ale bila kufa.

Mtoto mwenyewe nyumbani walimwita Kidosho. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, mdomo haupumziki, na alikuwa hapatani na karanga. Wako watu wakila kitu kisichowapenda hujikuna wakapaka mafuta, mambo yakaisha. Kwa Kidosho haikuwa hivyo. Karanga ikimgusa ulimi, hata iwe imesagwa ikapotelea kwenye chakula, koo lilivimba na pumzi ikaanza kumwishia. Daktari alisema mara moja tu, na mama yake hakuhitaji kurudiwa: siku mtakapochelewa, mtamkosa.

Huko walikotoka tatizo hili lilikuwa na mwenyewe, naye ni bibi mzaa mama. Bibi alipika, mjukuu akala, wakamaliza. Kisha baba wa nyumba, dereva wa lori, akahamishiwa kituo kingine, nao wakafunga vyombo wakamfuata, bibi akabaki na sufuria zake. Hapa ugenini, shule ilimwachia Kidosho saa saba mchana, na karakana ya nguo ilimwachia mama yake jua likishakuwa jekundu. Baba ndiyo kabisa, leo yuko huku kesho yuko kule. Kwa hiyo mtoto alifungiwa mkate na mayai ya kuchemsha, jana mkate na mayai, leo mkate na mayai, mpaka akasema, "Mama, nikiendelea hivi nitataga."

Walicheka wote wawili. Lakini usiku ule mama alimtazama mtoto anavyovua sare, mbavu zile, akaamua. Lazima upatikane mgahawa mmoja wa kuaminika kati ya shule na karakana.

Mtu atasema, si angeuliza tu? Kuuliza si ujinga. Fundi aliijua methali hiyo kama unavyoijua wewe, na ndiyo iliyomponza. Kidosho alipokuwa mdogo aliingia naye mgahawani, akamuuliza mpishi kwa adabu zote, "Hamjatia karanga humu?" Mpishi akasema, "Ondoa shaka, mama." Akaondoa shaka. Muda si muda alikuwa anakimbia barabarani bila viatu, mtoto mabegani, midomo ya mtoto imegeuka rangi. Mpishi ukimuuliza swali la wasiwasi atakupa jibu la kukutuliza, maana anachotaka yeye ni mteja akae chini. Fundi hakumsamehe mpishi yule, wala hakuwasamehe wapishi wengine wote waliokuwa hawajamkosea. Aliapa hatauliza tena. Atatazama kwa macho yake mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa anashtuka hata akisikia neno "karibu".

Basi kila saa ya mapumziko ilipofika alitoka mbio, akaingia mgahawa huu au ule, akakaa penye kuonekana jiko. Wa kwanza, jirani na kituo cha mabasi, ulikuwa na karai moja la mafuta ambalo kila kitu kilipitia humo, mafuta meusi kama ya gari. Akaaga. Wa pili ulikuwa msafi, watu wake wakunjufu, ila mpishi alikuwa na upawa mmoja tu uliorukaruka kutoka sufuria hadi sufuria, na katika sufuria moja mlikuwa na mboga za karanga. Akaacha sahani nusu. Wa tatu ulikuwa na picha za vyakula ukutani na mlango wa jiko umefungwa. "Huko wateja hawaingii," aliambiwa. Hakukaa hata kuagiza.

Wa nne ulikuwa nyuma ya kibanda cha fundi matairi, na ukipita haraka hungeuona. Jiko lilitengwa na ukuta mfupi wa kufika kifuani, kila kitu kinaonekana. Kila sufuria ilikuwa na upawa wake, na kila upawa na msumari wake. Mpishi alikuwa jitu la miraba minne, linatembea polepole, halizungumzi, na likigusa kitu kimoja linanawa kabla ya kugusa kingine. Fundi alikaa meza ya karibu na jiko, akakodoa macho. Hakuona karanga. Akarudi kesho yake na keshokutwa yake, hakuona. Alirudi mpaka mhudumu akajua atakaa wapi, mpaka mwenye mgahawa, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kuning'inia, akawa anampangusia meza kwa mkono wake mwenyewe. Sahani yake ilianza kuja imejaa kuliko za wengine. Fundi alidhani ni ukarimu. Alikula kimya, akatazama, akalipa, akaondoka.

Mwishowe akasema moyoni, hapa ndipo.

Siku hiyo alimpokea Kidosho kwenye lango la shule. Njiani alimshika mkono kwa nguvu kama anamvusha barabara, na barabara yenyewe haikuwapo.

"Ukifika usiseme neno. Usiguse kitu mpaka nionje mimi."

"Kwa nini tusiwaulize tu?"

"Kwa sababu watu hudanganya."

"Wote?"

"Wote. Haya, twende."

Kidosho alinyamaza, lakini alinyamaza kwa namna yake, yaani alikuwa bado anabishana ndani kwa ndani.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Meza yao ilikuwa wazi, imetandikwa kitambaa ambacho fundi hakuwahi kukiona pale. Hakupenda. Kitu kipya kilimtia shaka. Akaagiza kile alichokula siku zote, wali na kuku, sahani mbili. Alichungulia jikoni. Sufuria zilikuwa zilezile na kila upawa mahali pake. Akashusha pumzi kidogo.

Sahani hazijafika vizuri, mwenye mgahawa akaja, miwani machoni, uso umechanua.

"Dada yangu, leo hukai hapo kabla hujaingia jikoni kwangu. Njoo utazame mwenyewe, kila kona. Sina cha kuficha."

Nani angekataa? Hilo ndilo jambo ambalo fundi alikuwa akilitamani tangu siku ya kwanza. Alimgeukia bintiye. "Umesikia nilivyosema?" Kidosho akaitikia kwa kichwa, na mama akamfuata mwenyeji wake nyuma ya ukuta mfupi. Mpishi hakuwapo jikoni.

Alionyeshwa mapipa ya maji yenye vifuniko. Alionyeshwa kabati la viungo, chupa zimepangwa kama askari. Mwenye mgahawa alikuwa anaongea mfululizo, kuhusu usafi, kuhusu panya ambao kwake hawajulikani, na fundi alikuwa anaitikia tu, macho yake yanatembea. Yakatembea mpaka nyuma ya mlango wa uani, kwenye sehemu ambayo mtu aliyekaa mezani hawezi kuiona. Pale palikuwa na kinu. Pembeni ya kinu palikuwa na ungo, na juu ya ungo maganda mekundu, membamba, yanapeperuka na upepo wa mlango.

"Hizi nini?" Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Ah, umeziona!" Mwenye mgahawa akacheka kwa furaha. "Nilitaka ule kwanza ndiyo nikwambie. Siku zote hatuweki karanga, mchuzi wetu ni wa kawaida tu. Lakini sisi tunajua wewe ni mtu wa afya, umetumwa kutukagua, hata kama husemi. Mtu gani mwingine hukaa karibu na jiko kila siku, anatazama, haongei? Na leo umekuja na mtoto. Nikamwambia mpishi, leo tumpikie mchuzi mzito, wa wageni wa heshima..."

Fundi hakungoja sentensi iishe. Alipita katikati ya sufuria, kiuno chake kikagonga meza, kitu kikaanguka nyuma yake kikavunjika. Alikuwa ameleta mtoto wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akamkalisha mbele ya sumu iliyopikwa kwa heshima.

Alipofika ukumbini aliona sahani kwanza. Sahani ya Kidosho ilikuwa imechimbwa. Katikati ya wali palikuwa na shimo, mchuzi umesambaa, na mpishi, lile jitu, alikuwa amesimama juu ya mtoto ameshika kijiko.

"Tema!" Alimrukia mwanawe, akamfungua mdomo kwa vidole, akaingiza mpaka nyuma ya ulimi. "Tema! Tema yote!" Viti vilisukumwa. Mtu mmoja alisema, "Vipi, mama?" Kwa mkono mwingine alikuwa tayari amepekua mkoba, ametoa sindano ya dharura aliyopewa hospitali, ameng'oa kifuniko kwa meno. Alikuwa anatafuta paja la mtoto chini ya sketi ya shule, mbele ya watu wote wale, alipohisi mkono wake umekamatwa. Mkono mdogo, wenye nguvu asizozitegemea.

"Mama, sijala!" Kidosho alikohoa, machozi yakamtoka, ya vidole si ya kitu kingine. "Sijala! Niache! Sijala!"

Fundi alimshika mwanawe uso, akamtazama midomo, akamtazama shingo, akasikiliza pumzi. Ilikuwa inaingia na kutoka. Alisikiliza tena, hakuamini.

"Hajala," alisema mpishi. Ilikuwa mara ya kwanza fundi kuisikia sauti yake. "Mimi ndiye niliyechimba. Nilikuja kumsalimu. Akaniamkia vizuri, akaniuliza, mjomba, hiki umekipikaje? Mama, mimi nimepika maisha yangu yote. Watu huniuliza kama kimeiva, kama kuna chumvi, bei gani. Nani huniuliza nimepikaje? Nikachukua kijiko nimwonyeshe. Nikamwambia vitunguu nimekaanga mpaka vikawa hivi, kuku nimemkausha kwanza, tangawizi nimetia mwisho. Na karanga, nikamwambia, nimezikaanga, nikazisaga mwenyewe, ndizo zilizoleta huo uzito. Hapo akasukuma kiti nyuma. Akasema, mjomba, hizo zinaniua."

Alikiweka kijiko mezani taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akakaa kwenye kiti cha mama, kiti kikalia.

"Umekula hapa siku zote hizo," alisema. "Ulikuwa unaniona, na mimi nakuona. Hukuniambia. Kama huyu mtoto angekuwa mtiifu, amekaa kimya, akasikia njaa, akaonja..." Alijifuta uso kwa aproni yake.

Fundi alitaka kumjibu kwa ukali, na ukali alikuwa nao mwingi. Lakini hakuwa na wa kumpa. Mpishi hakudanganya, hakuulizwa. Mwenye mgahawa alimheshimu mtu aliyejifanya siri. Aliyempa mtoto amri ya kunyamaza ni yeye, mama yake, na kama angetiiwa leo, asingekuwa na mtoto. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Akafanya kile anachofanya mtu akiona aibu mbele ya watu: akamshika mwanawe mkono.

"Tunaondoka."

"Siondoki," alisema Kidosho. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kilio, sare imechafuka, na watu walikuwa wanamtazama. "Nina njaa."

"Kidosho!"

"Umeniaibisha, Mama. Sasa niache nile."

Mwenye mgahawa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, miwani mkononi. Mpishi ndiye aliyeinuka. Aliondoa sahani zote mbili, akaenda nazo uani, zikasikika zikimwagwa. Alirudi akaosha mikono mpaka viwikoni, akaosha tena, akashusha sufuria isiyotumika, akaisugua kwa majivu mbele ya macho yao. Kidosho alienda kusimama kwenye ukuta mfupi, akaegemea viwiko.

Saa ya mapumziko ilikuwa imekwisha. Msimamizi wa karakana hakuwa mtu wa kusikiliza hadithi, na ile kazi ya cherehani aliyoipigania tangu wahamie ilikuwa na wengine wanaoitamani. Fundi aliijua saa bila kuitazama. Alikwenda akasimama kati ya mpishi na mwanawe, akachukua kifuniko cha sindano kutoka sakafuni, akakirudisha mahali pake.

"Koo likianza kumkaba, hii. Hapa pajani, hata juu ya nguo. Unabana, unahesabu taratibu, kisha mnakimbia hospitali. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema mpishi.

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno. Fundi akamgeukia bintiye, amrudishie vilevile, lakini Kidosho alikuwa ameshaichukua sindano mkononi mwake, ameitia mfuko wa sketi.

"Najua, Mama. Nimekuona ukifundisha watu tangu nikiwa mdogo. Nenda kazini."

"Nikae kidogo tu, nione unavyoanza."

"Ukikaa utanitazama," alisema Kidosho, sasa kwa upole. "Na ukinitazama hivyo siwezi kumeza."

Hakuna aliyewahi kumwambia fundi neno lililomkata kama hilo. Akamrekebisha kola ya sare, akaiacha, akatoka. Fundi matairi alimsalimu, hakumwitikia. Kila hatua miguu ilimvuta nyuma, akailazimisha mbele, na alikuwa amefika tu pembeni ya ukuta wa mgahawa alipoisikia sauti ya mwanawe ikipita juu ya kelele za watu, kali na ya wazi.

"Mjomba, na hicho umetia nini?"

Na mpishi akaanza kumjibu, tangu mwanzo.