Bukini wa Jicho la Njano

Ilikuwa tarehe ishirini na nane Desemba, na Zdravko hakuwa ameona ndege mpya hata mmoja mwaka mzima. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akifunga mwaka kwa kuandika daftarini idadi ya aina za ndege alizoziona kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mwaka wa kwanza, sitini na moja. Mwaka jana, moja. Tangu mkewe afariki, hakuwa na kitu kingine cha kumtoa nyumbani.

Asubuhi hiyo, kwenye shamba la ngano kando ya ziwa la Durankulak, katikati ya bata bukini kama elfu mbili, darubini yake ilimpata mmoja mdogo kuliko wenzake, jicho limezungukwa na duara la njano. Huyo hakuwahi kumwona maishani.

Angeandika, yakaisha. Lakini sheria aliiweka mwenyewe, enzi zile alipomshuku Plamen, rafiki yake wa kutazama ndege, kwa kutia chumvi: ndege asiyeonwa na watu wawili hahesabiwi. Akampigia Plamen simu.

"Umeamka na pombe ya rakia leo?"

"Nimeamka na bukini wa jicho la njano. Njoo ujionee, mwenye wivu."

"Ukinidanganya utanilisha mpaka Pasaka."

"Gari liache barabarani. Utembee."

Plamen ana goti bovu, na njia ilikuwa barafu tupu. Akaendesha mpaka ukingoni mwa ngano. Bukini wa huku wanajua gari maana yake bunduki. Wakaruka wote kwa mpigo, wakaelekea kwenye matete, walikojificha wawindaji tangu alfajiri.

Ikasikika milio sita ya bunduki.

"Nilikwambia utembee," Zdravko alisema.

"Goti, kaka. Ningefika kesho."

"Ulimwona?"

"Niliona migongo tu."

Wawindaji walikuwa wamewalaza bukini juu ya gunia. Zdravko akachuchumaa, akafunua kope la bukini wa tatu kwa kidole. Duara lilikuwa bado la njano.

"Sasa nimemwona," Plamen akasema polepole. "Tuandike?"

"Maiti haihesabiwi. Hiyo sheria ni yako."

Bukini wanne walikufa, mmoja wao wa jicho la njano. Daftarini mwaka ule uliandikwa sifuri. Mpaka Machi, Zdravko alitoka nyumbani mara tatu: mbili kununua mkate, moja kwenda makaburini.