Nakala Saba

...na bora ingekuwa imeokotwa kweli, anawaza Mwanatabu, akiutazama mguu wa Dhahabu ukifunguliwa bandeji katika zahanati ya Magongo, maana Dhahabu ameshaapa mara mbili, "Wallahi sista, karatasi niliiokota njiani," kumsitiri yeye aliyempa, shoga yake tangu chuoni, na Sista Philister kalamu kaishika hewani, haamini, kidole cha mwisho kimekuwa cheusi, Mola wangu, cheusi, lakini karatasi ilianza na Bismillahi, na nani Jomvu Kuu atabishana na karatasi yenye Bismillahi, iliwekwa juu ya kabati pamoja na juzuu, fotokopi imefifia, kokwa za zambarau zisagwe, zinywewe siku arubaini, vidonge vya hospitali viachwe visije vikapigana na dawa, kisha utoe nakala saba uwape wagonjwa wenzio upate thawabu, na nani aliyewasomea wanawake barazani baada ya hitima ila yeye, akipandisha sauti, akijiona daktari... harufu ya spiriti... yeye na Dhahabu wote wawili wana sukari, wote waliitikia inshallah, kokwa walizitwanga kinu kimoja, lakini vidonge vyake yeye aliendelea kumeza, kila asubuhi, amejifungia chooni, akijiambia hebu nimwone Dhahabu kwanza, akipona nami nitaacha, kama mtu anayemtanguliza mwenzake kuonja mchuzi asiouamini, na Dhahabu akimwuliza, "Wajionaje, shoga?" naye akijibu, "Mwepesi, alhamdulillahi," mwepesi! aibu gani hii, laiti ungekuwa ujinga, mjinga husamehewa, yeye alishuku tangu siku ya kwanza akanyamaza... "Na wewe mama," sista amemgeukia, "si hata wewe uko na sukari? Dawa unameza?" na hajafumbua mdomo, Dhahabu keshamjibia, jasho likimtiririka, kwa fahari kabisa, "Huyu? Vidonge tuliviacha pamoja, siku moja, sista, naye mtazame alivyo mzima, dawa ni ya kweli, ni mimi tu na bahati yangu," bahati, anasema bahati, basi akirudi nyumbani atatwanga tena, atakunywa tena, mpaka uende mguu wote, kwa kumwona yeye mzima... kalamu ingali hewani, Dhahabu anamtabasamia, anamngoja aitikie, na Mwanatabu uso unamwaka, lakini anajua sasa atasema, mbele yake, kwamba vidonge hakuviacha hata siku moja.