Hatua za Mzee Mulei

Asubuhi ya Jumamosi Kasiva alikuwa akipepeta pojo mlangoni mwa jiko lake, huko Kanyangi, wanakamati wa kanisa walipofika kupima kiwanja cha kanisa jipya. Ardhi aliitoa mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya waumini wote: hatua thelathini za Mzee Mulei kutoka barabarani. Kanisa la udongo lilipimwa kwa miguu ya Mulei, la mabati vilevile, na hakuna ukuta uliowahi kuanguka.

Kasiva hakuwa mjinga. Mulei ni mfupi. Hatua zake zingeishia kwenye mwarobaini, na jiko alilojengewa na marehemu mumewe lingebaki salama.

Mulei aliomba, akaanza. Kufikia hatua ya kumi mguu wa kulia ulikuwa umerefuka, suruali imepanda gotini. Wa kushoto ukafuata, maana mguu haumwachi mwenzake. Walipokaribia waya wa stima, alishauriwa ainame. Hatua ya mwisho aliishusha katikati ya jiko, kando ya sufuria ya isyo ya mahindi na maharagwe, akasema, "Amina."

"Mzee, na hiyo mguu?" Kasiva aliuliza.

"Ni yangu, mwaitu," Mulei akajibu kutoka juu. "Nimekuja nayo."

Kahiga, msanifu majengo kutoka Kibwezi, alitoa kipimo chake cha leza. Kililia kidogo, kikaonyesha kwamba jiko liko mita kumi na moja nje ya kiwanja. Nyamai, mwenyekiti wa kamati, alikitazama kwa huruma.

"Hiyo mashine haijaokoka," alisema.

Kahiga akakirudisha mfukoni, akachora ramani upya. Kazi ni kazi.

Ili asiachwe hivihivi, Kasiva aliahidiwa hatua kumi nyuma ya kanisa, ajenge jiko lingine. Mulei alizipima papo hapo. Miguu ilikuwa imefupika kama ya kifaranga, na hatua kumi ziliisha kabla hajatoka kivulini mwake. Kasiva aliurudia ungo wake. Akapepeta kwa hasira bila kulalamika, kwa kuwa anayelilia alichompa Mungu huitwa mchoyo, na jina hilo halifutiki Kanyangi.

Siku hizi jiko lake jipya linatosha meko na mguu mmoja wa mpishi. Mguu wa pili huuweka kwenye ardhi ya kanisa.

Jumapili iliyopita Nyamai alikuja kumwomba, kwa upole kabisa, awe akiuondoa wakati wa ibada.