Mbao Zisizooza

Mama Cherehani alikuwa ametoka na beseni la nguo alizokwisha kuzikamua, anakwenda kuzianika, pale ubao wa tatu wa baraza ya nyuma ulipoachia. Alizama hadi kiunoni. Beseni halikumwagika. Aliliweka kando, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaanza kuzikung'uta nguo moja moja na kuzitandaza pale mikono yake ilipofika, maana nguo mbichi haisubiri mtu atoke shimoni.

Alipomaliza alijaribu kupanda, ikashindikana. Ubao ulikuwa umevunjika kwa namna ya mgono wa kutegea samaki: ncha zake zilimruhusu kushuka, zikamkatalia kurudi. Chini miguu ilikanyaga udongo wenye unyevu, wala hakuwa ameumia popote. Kilichomsikitisha ni ahadi. Alikuwa amemwambia dada yake kwamba nguo zikishaanikwa atavuka kwenda kumwosha nywele na kumsuka.

Dada alikaa nyumba ya nyuma, ng'ambo ya ua, kitanda chake kikiwa chini ya dirisha. Miguu ilikuwa imemgomea kitambo, na ugonjwa ulikuwa unamla polepole, lakini sauti alikuwa nayo.

"We mdogo wangu! Mbona kimya?"

"Nimezama kwenye baraza, dada."

"Mpaka wapi?"

"Kiunoni."

Dada alifikiri kidogo. "Haya. Ukitoka, njoo na kitana. Changu kimeng'oka meno kama mwenyewe."

"Nakuja, dada."

Baraza ile aliijenga marehemu mume wa Mama Cherehani kwa mbao za msonobari, na kila mwaka mvua zikikaribia alizipaka mafuta kwa kitambaa, akipiga magoti. Alipokufa, mafuta nayo yalikufa. Ubao wa tatu ulianza kulia ukikanyagwa, na Mama Cherehani akawaambia watoto wake. Watoto walisema wamesikia, na kwamba dawa si kubadilisha ubao mmoja bali kuibomoa baraza yote na kujenga mpya, ya maana. Kilichobaki ni kukubaliana aina ya mbao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wote walilijua hilo. Basi wakawa wanauchagua ukuta.

Jirani wa kulia, dereva wa lori, alisikia habari akaja na msumeno.

"Mama Cherehani, nikate hapa na hapa, utoke. Chai haitapoa."

Mama alimshukuru. Mikono yake ilikuwa tayari imeshika ukingo wa shimo. Kisha akaiachia.

"Ngoja kwanza, baba. Nina watoto watatu, wazima, wenye kazi zao. Nikitolewa na jirani, watu watasema nini juu yao? Wanakuja Jumamosi."

Dereva aliona ni neno la busara, akarudi na msumeno wake. Mkewe akachukua zamu ya kuleta chakula na ndoo ya maji ya kuoga, na mtu akaleta mwavuli.

Jumamosi watoto walikuja, wamefuatana na fundi seremala aliyebeba vipande vya mbao kwenye gunia. Walimsalimu mama yao kwa kuinama sana, wakambusu utosini, wakampa pole. Kisha vipande vikapangwa mbele yake.

Kifungua mimba, mwanamume wa sauti nzito, alisimamia mbao za msaji. "Mti mgumu una heshima yake. Baba angekuwa hai angeweka msaji."

"Baba aliweka msonobari," alisema dada yake, mtoto wa kati, "na ndio huo umemmeza Mama." Yeye alitaka zile mbao za kiwandani, zinazochanganywa unga wa mbao na plastiki. "Hizi hazinyonyi maji, haziliwi na mchwa, hazitaki mafuta. Ukishaziweka, unazisahau."

Kitinda mimba, ambaye hakuwahi kukosa la kwake, alisema wote wanajisumbua. Zege. Zege halina maneno.

"Wanangu," alisema Mama Cherehani, "chagueni mtakalo. Ila kwanza ng'oeni huu mmoja, nitoke. Mama yenu mkubwa ananingoja."

Walitazamana kwa huruma. Kifungua mimba alichuchumaa, akamshika mkono.

"Mama, tukianza na viraka hatutamaliza. Tuifanye mara moja, ipasavyo. Ni kwa ajili yako."

Fundi naye alisema viraka hafanyi, vinaharibu jina, wakiamua, watamwita.

Hawakuafikiana siku ile. Wakati wa kuondoka, mtoto wa kati aliviacha vipande juu ya baraza, vimepangwa kwa mstari.

"Mama, kwa kuwa upo hapo hapo, tuangalizie. Vimwagie maji, viache juani, utuambie kipi kimestahimili."

Na Mama Cherehani, aliyeshona sare za watoto wa mtaa mzima bila kurudishiwa hata moja, hakujua kufanya kazi nusunusu. Alivimwagia maji asubuhi, akavigusa adhuhuri. Jumamosi iliyofuata aliripoti: msonobari uliotiwa dawa umejipinda upande mmoja, msaji umetulia lakini unaanza kupata rangi ya majivu, mbao za kiwandani hazijabadilika hata kidogo, ila jua likiwaka haziwekwi mkono. Watoto walimsifu sana. Walisema taarifa ile imefungua mjadala upya.

Jumamosi ikazaa Jumamosi. Wa kati alileta rangi tatu za mbao zake, ile iliyofanana na kahawa, ile iliyofanana na mchanga na nyingine isiyofanana na kitu. Kifungua mimba alileta mti mgumu mwingine, mzito, ambao ulizama ndani ya ndoo ya mama yake. Kitinda mimba alianza kuzungumzia alumini, wakamwambia mvua ikinyesha Mama hatalala kwa kelele. Akakubali, kwa kuwa naye alimpenda mama yake.

Nyuma ya ua, sauti ya dada ilikuwa inapungua.

"Bado hujatoka?"

"Bado, dada. Watoto wanamalizia kuchagua mbao."

"Wamefika wapi?"

"Kwenye rangi."

"Rangi si mbali," alisema dada, akakohoa. "Nywele zinaniwasha, mdogo wangu. Sitaki nizikwe na kichwa hiki."

"Hutazikwa. Nakuja."

Siku hiyo Mama Cherehani alimpigia simu kila mmoja wa watoto wake. Hakugombeza. Aliwaomba waje na msumeno, huo tu. Kila mmoja alimwambia yeye binafsi yuko tayari hata sasa hivi, tatizo ni wale wengine wawili. Alifikiria kumwita dereva wa lori. Akawaza watu watakavyosema, akasubiri Jumamosi.

Ijumaa asubuhi aliita, "Dada, umeamkaje?" Pazia la dirisha lilipepea. Akaita tena, kwa sauti ya kumwamsha mtu aliyelala tu. Ndipo akajua. Alilia kwa nguvu, akiwa amesimama, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kulia.

Watoto walikuja mara moja, wote watatu, wakamzika mama yao mkubwa vizuri. Walipita na jeneza kando ya ua, wakasimama kidogo ili mama yao naye aage. Baadaye kifungua mimba alirudi barazani kwa mama yake, macho yamevimba.

"Tumekuwakilisha, Mama."

"Alisukwa?" aliuliza Mama Cherehani.

"Alifungwa kitambaa. Hakikuonekana kitu."

Hawakuwa watu wabaya. Ingekuwa nafuu wangekuwa wabaya, maana mtu mbaya unajua pa kumlaumu.

Tangu hapo Mama Cherehani hakuomba tena kutolewa. Vidole vyake vya miguu, ambavyo siku zote alikuwa akivichezesha ili visife ganzi, aliviacha vitulie. Vikaanza kuuingia udongo. Ngozi ya magoti ikawa na magamba, na mvua iliponyesha alihisi maji yakimpanda kutokea chini, taratibu, bila kumsumbua. Fundi alipoitwa tena alijipenyeza chini ya baraza na tochi, akatoka anajikung'uta mavumbi.

"Ameshika," alisema. "Mizizi imepita chini ya jiko. Ni mti mgumu, una nyuzi nzuri sana. Sijauona sokoni."

"Mgumu kuliko msaji?" aliuliza kifungua mimba.

"Kwa mbali."

Kifungua mimba alifarijika. Moyoni alihisi hoja yake imeshinda. Na kwa kuwa mti mgumu sasa walikuwa nao tayari, hakuona haja ya kununua mwingine. Zege lingeibana mizizi, kitinda mimba mwenyewe alikiri. Wakakubaliana mbao za kiwandani, rangi ya mchanga, kabla hata birika halijachemka.

Kazi ilianza kesho yake. Fundi alikuja na mtaimbo na misumeno miwili, lakini hakuvihitaji. Mbao za msonobari zilikuwa zimeoza kiasi kwamba zilitoka kwa mkono. Ule wa tatu aliushika, akauvuta kidogo, ukameguka kama mkate mkavu, akautupa kwenye lundo na kuendelea na wa nne. Mama Cherehani aliutazama pale ulipoangukia.

Basi kutwa ile alisimama katikati ya uwanja mtupu, hakuna kilichomzunguka wala kilichombana. Kijia cha kwenda kwa dada yake kilionekana chote, kuanzia miguuni pake hadi kwenye lango dogo la ua, na lango lilikuwa wazi. Alikitazama mpaka jua likaacha kumpiga usoni.

Mbao mpya zilipofika alipokuwa, fundi alipima kiuno chake kwa futi ili akate duara.

"Acha nafasi kidogo," alishauri kifungua mimba. "Atanenepa."

Duara lilikatwa vizuri, likapigwa msasa. Watoto walileta viti, wakakaa kumzunguka mama yao, wakanywa chai. Wa kati alivua viatu na kutembea huku na huku.

"Unaona, Mama? Hii haitaki mafuta, haitaki mtu wa kuja kuikagua kila mara. Hata tusipofika mwaka mzima utaikuta ilivyo."

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Kisha waliaga mmoja mmoja, mapema, kwa kuwa hapakuwa tena na la kujadili. Wa mwisho alikuwa kitinda mimba. Alimbusu mama yake utosini, akasita.

"Umeipenda lakini, Mama?"

Mama Cherehani aliweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo ingawa ulikuwa wa moto.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Hii haitaoza."