Baraka za Injini ya Skotlandi

Ravi alimnunulia baba yake zawadi ya siku ya kuzaliwa, kisha akamkataza kuigusa. Hiyo ndiyo adabu mpya ya zawadi hapa Handsworth, ughaibuni.

Ilikuwa injini ya mvuke ya Skotlandi, ya zaidi ya karne moja iliyopita, iliyoigwa upya kwa umbo dogo, fupi kuliko mkate wa dukani. Mwili wa samawati, bomba jeusi, vyuma vya magurudumu vyembamba kama sindano. Ravi aliipandisha juu ya kabati ikiwa ndani ya kasha, na kasha ndani ya mfuko wa nailoni, mahali ambapo mzee wa miaka themanini na kitu, mwenye magoti mabovu, angeifaidi vizuri sana.

"Ikitolewa tu, thamani inashuka," alieleza kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote. Kukizungumza ndiko humchosha. "Tuiache miaka ishirini."

"Miaka ishirini mimi iko majivu," alisema Mzee Chhotubhai. "Utaweka mimi pia juu ya kabati?"

Mimi ni mhudumu wao wa asubuhi. Namsaidia mzee kuoga, namtia dawa ya macho, na mambo ya familia yakianza, nakunja taulo. Siku hiyo taulo zilikunjwa zikakunjuliwa. Nilijua mzee anataka nini. Ujanani alikuwa fundi katika karakana ya reli Nakuru, akihudumia injini zilizoletwa kutoka Glasgow, Skotlandi. Sasa doa la giza lilikuwa likikua katikati ya macho yake, na daktari alisema kufikia Krismasi huenda asiutambue hata uso wa mkewe. Mzee alijibu kwamba uso huo anaukumbuka. Alitaka kuona magurudumu yakizunguka, basi.

Mkewe, Mama Madhu, aliyasikia hayo akiwa jikoni. Jumapili Ravi alipokuja, akamwamuru.

"Teremsha hiyo gari. Kitu cha magurudumu hakikai nyumbani bila kuombewa. Gari yako si tulivunjia nazi?"

"Mama, hii ni ya kuchezea."

"Ya kuchezea? Mbona basi haichezewi?"

Ravi ana shahada mbili. Hakuna iliyomsaidia. Akavaa glavu kama mkunga, akaitoa injini.

Sinia lilikuwa tayari: taa ya samli, maua, nazi, poda nyekundu iliyolowekwa. Gari la kawaida likibarikiwa hukanyaga ndimu, lakini hapa ndimu ilizidi gurudumu, kwa hiyo Mama Madhu akatumia zabibu kavu. "Mungu ataelewa," aliniambia. Mimi, binti wa mzee wa kanisa la Presibiteri, nilishika sinia na kuomba radhi pande zote mbili.

Kisha, kwa utulivu wa mtu aliyebariki magari ya ukoo mzima, alichovya kidole na kuipaka injini alama nyekundu usoni. Ravi akalia kama aliyebanwa na mlango.

"Haitoki hiyo, Mama. Umeiharibu. Sasa nani ataitaka?"

"Yuko mmoja," alisema Mama Madhu. "Nyokabi, mtoto wangu, lete zile reli za Ravi za utotoni. Ziko chini ya kitanda."

Sijawahi kutii amri upesi hivyo. Niliziunga juu ya meza ya chakula. Mzee akaegemeza kidevu mezani, akageuza uso kidogo, maana pembeni ndiko bado anaona. Ravi, aliyedai kwamba hashiriki upuuzi huu, hakukubali mtu mwingine ashike swichi ya umeme ya kuiendesha.

Injini ikaondoka kwa kasi. Vyuma vyembamba vikapanda na kushuka, na mzee akavifuata kwa midomo, bila sauti, kama anayesali.

"Polepole, dikra," alimwambia mwanawe. "Iko watu ndani."

Hakukuwa na watu. Hata mabehewa hayakuwepo. Ravi akapunguza mwendo.