Mama, Wazo Kuu ni Nini?

Mama yangu alijifunza Kiingereza cha mtihani akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya dirisha langu, ameupa ukuta mgongo, huku mume wangu akimsomea kutoka ndani, pazia limefungwa. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele sikumbuki kitu cha kuchekesha.

Sisi ni Wakuria. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, na macho yao yakikutana kila mmoja hutafuta pa kuyaficha. Hiyo ni soni, na soni ndiyo heshima yenyewe. Sasa mume wangu, Mniko, alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya upili hapa Homa Bay. Mama, Nyangi, alikuwa mkunga katika kituo cha afya kule Migori. Katika watu wote tuliowajua, Mniko peke yake ndiye aliyejua mitihani ya namna ile inavyotungwa na inavyojibiwa. Mwalimu mmoja tu, na huyo mmoja awe mkwe! Mimi niliona Mungu anatufanyia mzaha.

Mtihani wenyewe uliletwa na shirika moja la kigeni lililokuwa likiwapeleka wakunga Scotland kusoma kwa mwaka mmoja. Mama alikuwa ameufanya mara moja akaanguka. Kuongea alipita, kusikiliza alipita. Kusoma ndiko kulikomwangusha. Waliruhusu mtu kurudia mara moja tu, na hawakumchukua yeyote aliyefikisha miaka arobaini na mitano. Mama alikuwa na arobaini na minne. Mwaka ule wa 1996 ukimponyoka, basi tena.

"Si ungeacha tu, mama?" nilimuuliza siku moja nilipomwona macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Niache?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Kezia, mimi nilitolewa darasa la saba nikaolewa, ng'ombe zangu zikamsomesha mjomba wako Bichage. Ng'ombe zangu zilifika mpaka university. Mimi je?"

Mjomba Bichage yuko Nairobi, tai shingoni, na hajawahi kumnunulia dada yake hata kamusi. Uuguzi mama aliusomea baadaye kwa nguvu zake, akiwa na watoto watatu, wa mwisho akinyonya. Hii Scotland ilikuwa nafasi ya kwanza maishani iliyokuja ikiwa na jina lake mwenyewe, na ilikuwa ya mwisho pia. Aliitaka mpaka nikawa namwonea huruma. Alikwenda soko la mitumba Migori akanunua koti zito la sufu, koti la kumtoa mtu jasho hata akilitazama tu, akalitundika mlangoni pake.

Basi kila Jumamosi alikuja Homa Bay na mkoba wa karatasi alizotolea kopi dukani kwa Abdinasir, vifungu vya ufahamu na maswali yake. Nakala moja ilikwenda ndani kwa Mniko, nyingine ilibaki mapajani pake. Mniko alisoma kifungu kwa sauti, mama akifuata kwa kidole, kisha maswali yakaanza. Wao kwa wao hawakusemezana. Mimi ndiye nilikuwa posta.

"Kezia, mwambie mama asome swali la nne."

"Kezia, mwambie mwalimu nimelisoma. Jibu ni C."

"Mwambie mama ni sawa kabisa."

Kati yao palikuwa na pazia tu. Aliyekohoa ndani alisikika nje. Nami nimesimama pale na mwiko mkononi, ugali unaungua. "Jameni, si mmesikiana!" nilikuwa nikiwafokea. "Mnanitakia nini?" Ikabidi niseme, "Mama, ni sawa kabisa," ndipo mama naye atie alama ya vema kwenye karatasi.

Na alizitia nyingi. Wiki baada ya wiki majibu yalizidi kuwa sawa, na asipopata, Mniko alisema, "Mwambie mama alikuwa karibu sana." Mama akaanza kunenepa kwa matumaini. Wauguzi wenzake waliniambia alikuwa akipima mimba huku midomo ikikariri msamiati: scarce, reluctant, abundant. Wajawazito walidhani anawaombea.

Kisha, Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, Mniko akapotelewa na sauti. Vumbi la chaki na mafua vilikuwa vimemkaba koo, akawa ananong'ona tu kama mtu aliye kanisani. Alinipa saa yake akaniambia mama asome mwenyewe, kimyakimya, tena asisome kitu kipya. Achukue vifungu vya mwezi uliopita, ambavyo alivipata vyote.

Mama alianza kwa furaha. Kidole kilikwenda, midomo ikafuata, halafu kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda tena. Saa ilipomaliza muda wake alikuwa bado katikati ya kifungu cha kwanza, kile cha nyuki alichokijibu chote bila kosa. Nilimwongezea muda akajibu, nikasahihisha. Nikasahihisha tena nikidhani nimekosea mimi. Alikuwa amepata maswali mawili.

"Hii karatasi haisemi kitu," mama alisema. Uso wake ulikuwa umegeuka jivu. "Kezia, mwezi uliopita ilikuwa inasema. Leo haisemi."

Nilisimama pale nikiikumbuka sauti ya Mniko ikisoma habari za nyuki, na hapo nikaelewa. Kila alipofika mahali penye jibu alipunguza mwendo na kuipandisha sauti kidogo, kama mama anayemkatia mtoto nyama vipande vidogo. Mama hakuwa akikisoma kifungu. Alikuwa akimsoma Mniko.

Niliingia ndani kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

"Wewe mtu! Umemwonyesha majibu miezi yote hii!"

"Mimi?" alinong'ona. "Nilimwonyesha nini?"

"Unapandisha sauti kwenye jibu! Na akikosa unamwambia alikuwa karibu. Karibu na nini? Wanafunzi wako si unawaambia wamekosa mpaka wanalia?"

Alikaa kitandani taratibu. Niliona wazi kwamba hakuwa akijua, na hilo likanikasirisha zaidi. "Ningemwambiaje mama mkwe kwamba amekosa?" alisema. "Kezia, ulimi ulikuwa unakataa. Hao wanafunzi si mama yako."

Nilimchukia siku ile, sina haja ya kuficha. Nilimchukia kwa adabu yake. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwongezee maneno mengine ndipo sauti ya mama ikaingia kutoka nje, na haikupitia kwangu.

"Mniko."

Mume wangu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Tangu tuoane, mama hakuwahi kulitamka jina lake.

"Heshima yako nimeiona," mama alisema. "Mtu hawezi kupata mkwe mzuri kukushinda. Lakini sasa iweke kando mpaka mtihani uishe. Nionyeshe mahali ninakosa, kama vile unaonyesha watoto wa form one. Nakuomba. Mimi nakufa hapa nje na nyinyi mnaniambia niko karibu."

Mniko alijifunika uso kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amekataa. Kisha akainuka, akachukua kiti cha mezani, akatoka nacho uani. Hakumtazama. Alikiweka kiti chake nyuma ya kigoda cha mama wakapeana mgongo, na tangu hapo mimi nikafukuzwa kazi ya posta.

Mama aliomba ruhusa kazini wiki nzima. Usiku alilala kwa jirani yangu Mluo, kwa kuwa kulala chini ya paa la mkwe kulimshinda hata katika dhiki ile. Mchana Mniko akiwa shuleni alisoma peke yake, na jioni mkwe akirudi walikaa mgongo kwa mgongo mpaka giza lifute maandishi. Mniko hakusoma tena kwa sauti hata mstari mmoja. Mama alisoma kimya, na alipofika mwisho alisema, "Mwalimu, nimemaliza." Swali la kwanza lilikuwa lilelile kila mara.

"Mama, wazo kuu ni nini?"

Mama alijibu.

"Umekosa. Rudia."

Sauti yake ilikuwa imerudi lakini yenye kukwaruza, na kila aliposema "umekosa" jasho lilimtiririka shingoni. Nilimwona, nilikuwa mbele yake nikipepeta mchele. Alikuwa akiteseka, na sikumwonea huruma.

"Midomo, mama. Usisogeze midomo, inakuchelewesha."

"Haitaki kutulia."

"Itulize."

Mama alichukua pindo la leso akaliuma kwa meno ili midomo isicheze. Alisoma hivyo, machozi yakimdondoka, leso mdomoni kama mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa na hataki majirani wasikie. Kulikuwa na neno moja lililomwangusha kila lilipotokea, notwithstanding. Mniko alilirudia mpaka nami nikaliota. "Ukiliona hilo, simama. Maana yake ni licha ya. Watakusifu kwanza, halafu watakunyang'anya. Usifurahi kabla hujafika kwenye nukta."

Kufikia Alhamisi alikuwa anapata nusu. Ijumaa akapita nusu. Laiti tungeanza hivyo tangu mwanzo! Wazo hilo lilinikaa kifuani, na najua lilimkaa Mniko pia, maana hakula chakula cha jioni.

Jumamosi mama alifanya mtihani wake katika ukumbi mmoja mjini hapa. Alitoka leso ikiwa na alama za meno. "Kifungu cha mwisho sikukifikia," alisema. "Lakini vile nilisoma, Kezia, nilivielewa. Vilikuwa vinasema." Alitabasamu, na mimi mjinga nikatumaini.

Majibu yalitoka baada ya majuma kadhaa, yakabandikwa kwenye ubao nje ya ukumbi uleule. Mama alikuja kutoka Migori asubuhi na mapema, lile koti la sufu amelibeba mkononi. Alisema amelileta ili alipeleke kwa fundi likapunguzwe mikono. Mniko alibaki getini, kwa sababu asingeweza kusukumana katika umati akiwa na mama mkwe wake.

Ilikuwa karatasi moja tu. Juu palikuwa na mistari ya Kiingereza, chini safu ya nambari. Nani alikuwa na haja na mistari? Tulikuwa tumetoa macho sote tukitafuta nambari. Niliiona ya mama, ya tano kutoka juu.

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka ziwani. Pembeni yangu muuguzi mmoja alipiga magoti, "Ero kamano, Nyasaye!" akimshukuru Mungu. Kijana mwingine alirusha kofia yake juu. Watu wakakumbatiana bila kujuana, vigelegele vikapokewa, na kule getini Mniko akainua mikono miwili juu kama mtoto aliyefunga bao.

Mama hakuwa ameondoka mbele ya ubao. Alikuwa anasoma. Kidole chake kilikuwa kimetulia kwenye koti, midomo imefungwa, haichezi kabisa, na macho yakienda mstari kwa mstari bila kurudi nyuma. Sikuwahi kumwona akisoma vizuri namna ile. Alipofika mwisho aligeuka, akapita katikati ya watu wanaocheza, akaenda getini. Nilimfuata mbio nikiwa bado nashangilia. Alisimama hatua chache kutoka kwa Mniko, akampa bega.

"Mwalimu, nimemaliza."

Mniko alicheka kwa furaha. Alidhani mama anatania, naye akamrudishia utani wake. "Mama, wazo kuu ni nini?"

"Wazo kuu ni kwamba, licha ya bidii yao ya kupongezwa, wenye nambari hizi hawakufikisha alama. Waliopita wataandikiwa nyumbani. Sisi tusirudi tena."

"Hapana!" nilisema. "Mama, nambari yako iko pale, nimeiona!"

"Iko. Ndiyo nakuambia."

Mniko alikimbia kwenye ubao, akapenya katikati ya watu. Nilimwona akisoma. Akasoma tena, shingo ameinyoosha, akilitafuta kosa la mama mkwe wake kwa namna ambayo hajawahi kutafuta kosa katika karatasi ya mwanafunzi yeyote. Aliporudi alitembea polepole sana. Nilitega sikio. Kama angesema "karibu" ningemrukia palepale mbele za watu.

"Ni sawa, mama," alisema. "Umepata." Sauti yake haikupanda wala haikushuka popote.

Mama aliitikia kwa kichwa. Nyuma yetu vigelegele nilivyovianzisha mimi vilikuwa vinaendelea, na yule kijana alikuwa anaitafuta kofia yake huku akiimba. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nenda uwaambie wale," mama alimwambia Mniko. "Waambie vile ilivyo. Usiwapandishie sauti."

Mniko akaenda. Mama alinipa lile koti nimshikie, akaliuma pindo la leso, lakini safari hii midomo haikutulia.